Lupango mmoja, majina mawili

Swali: «Jambo Metre. Mimi ni muuguzi, nina miaka 38. Mwenzangu anauza vitenge sokoni, ana miaka 34. Tumeishi pamoja miaka 9, na mama yake hajawahi kututembelea. Sasa ni wapangaji hapa Katuba. Bayeri wetu, mwenye nyumba, siku hizi anauliza waume zetu wako wapi, na anauliza mbele za watu. Tumeweka akiba ya dola 31,000, tunataka nyumba yetu. Nimesoma mashauri ya watu wa Marekani, wanasema chagua kwanza mtaa unaokupokea. Hapa Lubumbashi ni kartie gani itakayotupokea? Nyumba tuiandike kwa jina la nani? Nina mtoto wa kiume wa miaka 15. Baba yake alitoa mali, yaani mahari, kwa wazazi wangu, tukaachana bila kufika tribinali (mahakama). Na la mwisho, usinicheke: nyumba iwe ya chumba kimoja cha kulala au viwili?» (Mama Z., Katuba)

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama avoka, yaani wakili, nikitafuta tarehe na hati. Mara ya pili niliisoma kama mtu aliyekulia Kamalondo, nikaona kwamba jambo lenyewe hukulitaja kwa jina hata mara moja. Umeandika tu «mwenzangu». Nami nitasema hivyo hivyo. Kwa kazi yangu neno hilo linatosha.

Umeniuliza kartie kwanza, jina la nyumba baadaye. Naomba nianze na jina. Miaka yote niliyofanya kazi ya ardhi katika mji huu nimeona majirani wakisema, wakicheka, wakinyima salamu. Sijaona jirani aliyemtoa mtu katika nyumba yenye cheti chake. Waliotolewa walitolewa na ndugu, na walitolewa wakati wa kilio.

Nikupe mfano mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasijulikane. Wanaume wawili waliishi Komini Kenya, yaani wilaya ya Kenya ya mji huu wetu. Mmoja alikuwa fundi wa kushona, mwingine dereva wa malori ya Kasumbalesa. Nyumba waliinunua kwa pesa za wote wawili, ila karatasi ziliandikwa jina la dereva peke yake, kwa sababu siku ya kusaini fundi alikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Dereva akafa barabarani. Siku ya tatu ya kilio wajomba waliuliza funguo ziko wapi. Kabla ya siku 40 kwisha, fundi alikuwa amepanga chumba kwa mtu. Alipokuja kwangu hakuwa na risiti hata moja, wala shahidi aliyemwona akihesabu pesa. Na majirani je? Majirani walilia naye. Mama mmoja wa lupango (kiwanja cha kuishi) wa pili alimfichia cherehani chini ya kitanda chake, isihesabiwe kuwa mali ya marehemu. Ni watu hao hao waliowasengenya miaka yote.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kartie itawapenda au la, tuhakikishe kwanza kwamba siku mmoja wenu atakapotangulia, aliyebaki hatafukuzwa na shangazi mwenye daftari.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kwa sheria yetu ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai 1973 iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo wote ni wa Serikali. Mnachonunua ninyi ni haki ya kuukalia, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Mgeni, au kampuni, hupewa kwa muda usiozidi miaka 25, halafu wanaomba upya. Na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, cheti cha usajili kinachotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Watu wetu hukiita sertifika.

Nasema moja tu, maana komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atakuonyesha nyingine na kuapa kwa jina la mama yake. Katika komini za zamani kama Kenya, Kamalondo na Katuba, atakuonyesha kitabu cha zamani cha mwenye nyumba, livret de logeur, kilichobaki tangu enzi za Wabelgiji. Katika kartie mpya za pembeni atakuonyesha fishi ya parseli, kadi ya kiwanja yenye muhuri wa kartie au wa komini. Hizo si takataka, zinasaidia kueleza historia ya kiwanja na zinaweza kuwa mlango wa kuombea cheti. Ila si cheti. Anayenunua kwa fishi peke yake ananunua mlango bila nyumba. Nendeni wenyewe kwa konsevateri na kadastri (ofisi ya wapima ardhi) mkiwa na namba ya kiwanja, muulize kimeandikwa kwa nani, kina deni la benki au kesi, na vipimo vyake ni vipi. Msimtume komisioneri awaulizie, maana huyo hula tu nyumba ikiuzwa.

Mkishauziana mbele ya notere, ofisa wa kuthibitisha mikataba, fanyeni mitasio upesi, yaani cheti cha muuzaji kifutwe na kipya kitoke kwa majina yenu. Wengi hukomea kwenye karatasi ya mauzo, wanaona wamemaliza, pesa zimekwisha, watafanya mwakani. Mwakani muuzaji amekufa, watoto wake hawawajui. Katika hizo 31,000 toeni kwanza gharama za notere, kadastri na konsevateri, kinachobaki ndicho cha nyumba. Zingatieni pia tarehe ya cheti. Cheti kipya kinaweza kushambuliwa mahakamani kwa sababu ya hila au makosa. Kikishapita miaka miwili, yule anayedai kwa kawaida hubaki na njia ya kuomba fidia tu.

Sasa majina. Je, wanawake wawili wasio ndugu wanaweza kuandikwa kwenye cheti kimoja? Ndiyo. Sheria ya ardhi haiwaulizi wenye mali ya pamoja wanahusianaje. Inaweza kuwa ya mtu na shemeji yake, ya wafanyabiashara wawili, ya marafiki. Konsevateri akiuliza kwa udaku wake, jibu ni kwamba mmechanga pesa mkanunua, basi. Hakikisheni tu kwamba karatasi ya mauzo na cheti vinataja majina yote mawili na sehemu ya kila mmoja. Msiandike jina moja kwa ajili ya haraka, wala kwa ajili ya mapenzi. Huyo dereva naye alimpenda fundi wake.

Majina mawili hata hivyo hayatoshi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Ndoa yenu hapa haipo mbele ya sheria, hata kama mngeifunga Johannesburg, ambako inaruhusiwa tangu 2006. Maana yake mwenzako hawezi kukurithi, nawe huwezi kumrithi. Ukifa, nusu yako inakwenda kwa warithi wako. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawapa watoto robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, yaani mume au mke aliyeandikishwa, wazazi, na ndugu wa baba au mama mmoja.

Hapo ndipo wasia unapoingia. Watu wetu wanauogopa wasia, wanaona ukiuandika umeita kifo. Uandikeni. Njia rahisi ni kuuandika wote kwa mkono wako mwenyewe, si kwa kompyuta, ukaweka tarehe na sahihi. Iliyo imara zaidi ni kuufanya mbele ya notere. Mimi hupenda zote mbili, na nakala moja ikae kwa avoka, si chini ya godoro.

Lakini usije ukadanganyika kwamba wasia unaweza kumpa mwenzako vyote. Fungu la mtoto haliguswi. Wewe, kwa kuwa una kijana, unaweza kumwachia mwenzako kwa wasia robo tu ya nusu yako. Tupige hesabu: yeye ana nusu yake, ambayo ni 4/8, akiongezewa robo ya nusu yako anafika 5/8. Kijana wako ana 3/8. Ndugu zako hawana kitu, na hilo si jambo dogo. Kwa upande wa mwenzako, ambaye hukuniambia kama ana mtoto, hata kama hana, sheria inawawekea wazazi na ndugu fungu ambalo wasia hauwezi kulifuta, ila mkono wake uko huru kuliko wako.

Kuna kitu kingine ambacho notere wengi hawakisemi. Mali ya pamoja haimfungi mtu milele. Yeyote mwenye sehemu anaweza kudai igawanywe, na nyumba isiyogawanyika inauzwa. Kwa hiyo, mwenzako akifa, kaka yake mwenye fungu dogo tu anaweza kukusumbua mpaka uuze. Mnaweza kuandikiana kwamba hamtagawana, lakini makubaliano ya namna hiyo hayazidi miaka 5, yanarudiwa upya kila yanapokwisha.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwenu si nyumba moja. Tafuteni lupango wenye nyumba mbili. Katika mji wetu si vigumu: nyumba kubwa mbele, na ile ndogo ya nyuma iliyojengwa kwa ajili ya wapangaji au ya wana wakubwa. Nunueni pamoja, kisha mwombe kadastri aukate lupango mara mbili, kila upande utoke na cheti chake, kimoja jina lako, kingine jina lake. Katikati jengeni ukuta wa matofali mkipenda, na katika ukuta huo wekeni mlango. Hapo kifo cha mmoja kinagusa cheti kimoja tu. Aliyebaki anabaki na paa ambalo hakuna mjomba anayeweza kuligawa. Kila mmoja anaweza tena kumwachia mwenzake kwa wasia kile ambacho sheria inamruhusu. Na kwa macho ya kartie hakuna jambo la kawaida kuliko hilo: wanawake wawili wamechanga wakagawana lupango. Hata yule bayeri wenu angeelewa. Ulizeni tu mapema, kabla ya kulipa, kama kiwanja hicho kwa ukubwa wake kinakubalika kukatwa na kama kila upande utapata njia ya kutokea avenyuni. Kuna wauzaji wanaojibu «ndiyo» kabla hujamaliza kuuliza.

Mtu atawaambia fungueni kampuni, nyumba iwe ya kampuni. Tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012 jambo hilo limekuwa rahisi, na wenye nyumba za kupangisha hulifanya. Kwenu halina faida kubwa. Kampuni haipewi ardhi bila mwisho, hisa nazo hurithiwa, na kila mwaka kuna kodi na daftari. Acheni.

Nakuja kwa baba wa mtoto. Hili limenitia wasiwasi kuliko vyote vingine katika barua yako, nawe umelipitia kwa sentensi moja. Alitoa mali kwa wazazi wako. Je, mlikwenda etasivili ya komini, ofisi ya ndoa na vizazi, kuandikisha? Kama mliandikisha, basi kwa sheria bado ni mumeo, maana Kongo talaka hutolewa na tribinali, si kwa kuhama wala kwa miaka kupita. Na kama siku ya kuandikisha hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali, sheria iliwachagulia: kinachopatikana wakati wa ndoa ni cha wote wawili. Unaona? Unaweza kununua nyumba na mwenzako leo, kesho akatokea mwanaume uliyeachana naye zamani akadai nusu ya nusu yako, na tribinali ikamsikiliza. Kama kuna cheti cha ndoa, nenda kwanza Tribinali ya Amani, talaka iandikwe, ndipo usaini nyumba. Kama hapakuandikishwa kitu, hatari ni ndogo zaidi, lakini familia mbili zikae, suala la mali limalizwe, na karatasi isainiwe na wazee wa pande zote. Karatasi hiyo usiitupe.

Sasa kartie. Wamarekani waliokuambia uchague mtaa unaokupokea hawakukosea, kwao. San Francisco ina Castro, mtaa ambao watu kama ninyi walihamia mmoja mmoja kwa miaka mingi mpaka maduka, baa na hata madiwani wakawa wao. Wana sheria ya mwaka 1968 inayokataza kumbagua mnunuzi wa nyumba, na ingawa wapenzi wa jinsia moja hawakutajwa humo, hoja kwamba ubaguzi wa namna hiyo ni ubaguzi wa jinsia ilipata nguvu baada ya hukumu ya Mahakama Kuu yao ya 2020 kuhusu kazi. Kule mtu anaweza kumuuliza wakala waziwazi. Hapa ukimuuliza komisioneri swali hilo umempa silaha, na hatalipwa ili anyamaze mara moja tu, atarudi.

Hatuna Castro. Lakini si kweli kwamba kartie zote ni sawa.

Komini za zamani, Kenya, Katuba, Kamalondo, mnazijua. Lupango mmoja familia nne, bomba moja, choo kimoja, na mama mmoja anayejua kila mtu alirudi saa ngapi. Macho ni mengi. Lakini mkiwa wenye lupango, si wapangaji, sehemu kubwa ya macho hayo yanainama. Bayeri anaulizwa waume wako wapi? Haulizwi, anaombwa asiongeze kodi. Nakuambia, nusu ya dharau mnayoipata leo ni dharau ya mpangaji, mmeichanganya na ile nyingine.

Golf na Baudouin, kartie za wenye pesa, zina kuta ndefu na kila mtu ana mambo yake. Kwa dola 31,000 hamtafika huko, na sisikitiki sana kwa ajili yenu, maana nyuma ya ukuta kuna sentineli (mlinzi), dereva na mfua nguo, na hao watatu wakikutana kwenye kivuli cha mwembe hakuna siri ya ukuta.

Pembeni ya mji, kuelekea Kilobelobe, Luwowoshi, Kalebuka, wakaaji wengi ni wapya. Hakuna bibi anayekumbuka babu yako alikuwa nani. Kwa watu wanaotaka kuanza upya, hilo ni pumziko. Ila huko ndiko viwanja vinauzwa mara mbili, ndiko umeme wa Snel na maji ya Regideso vinafika kwa kubahatisha, na usiku wezi wenye silaha hawaulizi mtu anampenda nani. Wanawake wawili, nyumba ya mwisho ya barabara isiyo na taa: hapana, msiende mpaka majirani wa pande tatu wamejenga na wanalala humo.

Mimi ningewatafutia upande wa barabara ya Kasapa, karibu na chuo kikuu, au Bel-Air huko Kampemba. Sisemi kwamba watu wa huko wana mioyo mikubwa kuliko wa Katuba. Karibu na chuo watu wamezoea watu wazima wasio ndugu kuishi pamoja: walimu waliotoka Likasi na Kolwezi, wanafunzi, wauguzi wa zamu za usiku. Mtu akitoka saa kumi na moja alfajiri hakuna anayehesabu. Kwa kazi yako ya uuguzi hilo lina faida, na mahali watu wanapohamahama kwa sababu ya kazi, maswali juu ya ukoo hupungua.

Lakini kartie ni kubwa. Mtakaoishi nao ni watu wa nyumba sita au saba. Hao mnaweza kuwapima kabla ya kununua, bila kusema neno juu yenu. Nendeni mara tatu: Jumapili asubuhi, jioni ya siku ya kazi umeme ukiwa umekatika, na baada ya mvua kubwa, hii ya tatu ni kwa ajili ya maji yanapopitia. Nunueni mkate au mafuta kwenye kibanda cha avenyu hiyo, kaeni, sikilizeni. Kisha tafuteni mambo haya. Je, kuna mjane asiye na mtoto anayeishi peke yake, na watu wanamtendeaje? Wanamsalimu, wanampelekea sombe, au watoto wanapita mbali na mlango wake? Kuna mwanamke aliyejenga bila mume? Anaitwaje, Mama fulani kwa heshima, au jina la kejeli? Na kuna mtoto katika avenyu hiyo aliyewahi kuitwa mchawi na kufukuzwa? Mahali ambapo mtoto wa miaka 8 alifukuzwa kwa ajili ya ndoto ya mtu, msinunue, hata bei ikiwa nusu. Watu wanaojua kumwacha mjane asiye na mtoto aishi ndio watakaowaacha ninyi muishi. Sijapata kipimo kingine cha uhakika zaidi, nami nimekitumia kwa ajili ya nyumba yangu mwenyewe.

Angalieni pia kama ukuta wa jirani ni wa kanisa la uamsho. Sina ugomvi na sala. Nina ugomvi na spika za saa nane usiku, na nabii anayeoneshwa maisha ya majirani zake.

Kwa komisioneri, nendeni mkiwa mmejipanga. Mmoja wenu azungumze, mwingine ahesabu vyumba. Neno «tunanunua pamoja» linatosha. Pesa msizipe mkononi mwa mtu. Zitoke benki, kila mmoja kwa akaunti yake na kiasi chake, ili baadaye kila senti iwe na jina. Mkishahamia, mita ya umeme iandikwe jina la mmoja, maji jina la mwingine. Ni jambo dogo, lakini siku ya ugomvi karatasi za miaka 6 zinazoonyesha kila mmoja aliishi hapo akilipa zina uzito mbele ya jaji. Wiki ya kwanza pelekeni salamu kwa shefu wa kartie, wote wawili, na nakala ya cheti. Mjitambulishe kama wenye lupango. Shefu akishawajua kwa cheti, mtu akimpelekea maneno atayapima kwa cheti.

Kuhusu sheria ya makosa, nisikufiche. Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema watu wazima wawili wa jinsia moja kupendana ni kosa. Miswada iliyotaka hivyo, wa 2010 na wa 2013, haikupita. Lakini kifungu cha 176, kinachohusu kuchafua maadili hadharani, kimekuwa kikitumiwa kuwatisha watu, na mwaka 2024 waziri wa sheria wa wakati ule aliwataka waendesha mashtaka wawashughulikie. Kwa hiyo uangalifu wenu si woga. Picha za simu, jumbe, sauti zilizorekodiwa, ndizo bidhaa ya wenye shantaji, wanaotisha ili walipwe. Simu ziwe na namba ya siri, na vijana wa kutengeneza simu barabarani msiwaachie usiku kucha. Mtu akidai pesa ili anyamaze, msimlipe ya kwanza. Niiteni mimi au avoka mwingine, naye aandikiwe barua, maana kudai pesa kwa vitisho ni kosa, hilo liko wazi. Na mtu akigonga usiku akisema ni polisi, kumbukeni kwamba katiba, kifungu cha 29, inasema makazi hayaingiliwi ila kwa njia za sheria, na kwamba kwa sheria upekuzi wa nyumba hauanzi baada ya saa tatu usiku wala kabla ya saa kumi na moja alfajiri bila ruhusa ya jaji. Jibuni mkiwa ndani, mlango ukiwa umefungwa, simu ikiwa mkononi. Kuwa na ukuta na lango la chuma kunasaidia hapo kuliko kifungu chochote, najua.

Bayeri wenu wa sasa msigombane naye. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti, yaani amana ya mpangaji, kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Kama alichukua zaidi, au anasita kurudisha, mwandikieni barua ya kutoka yenye tarehe na mdai iliyo yenu. Mtaihitaji kwa mabati.

Chumba kimoja au viwili? Sikucheki. Viwili, hata mkipata nyumba mbili katika lupango mmoja. Na kile cha pili kisiwe cha maonyesho, chenye shuka ambalo halijawahi kulaliwa. Wageni wa kwetu wanajua kitanda kisicholaliwa, wanakiona kwenye mkunjo wa shuka. Kijana wako ana miaka 15, anahitaji mlango wa kufunga na meza ya kusomea. Na mama wa mwenzako atakuja. Umeandika kwamba hajawahi kuwatembelea katika miaka 9. Watu wengi waliokataa kuja kwa binti mpangaji huja kwa binti mwenye lupango, angalau kuona mwembe una ukubwa gani. Akija atakaa wiki mbili, huenda tatu. Nunueni godoro gumu, wazee hawapendi laini, na taa ya kuchaji ya usiku, maana umeme utakatika akiwa njiani kwenda chooni.